Dudu Lililolelewa Vizuri

Mjukuu wangu ndiye aliyenipeleka. Kwa hiari yangu nisingepoteza Jumamosi nzima katika hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, kutazama watu wazima waliojipaka rangi ya kijani na kuvaa mabomba kichwani. Lakini msichana huyu aliponiambia jikoni kwamba safari hii atakuwepo yule mzee aliyevaa vazi la Dudu, niliweka mwiko chini nikamwambia akate tiketi mbili. Alifurahi, akadhani bibi yake ameanza kupenda mambo ya anga. Hakujua kwamba nakwenda kudai changu.

Dudu ni jina nililolipachika mimi. Wenyewe waliliita jina refu lisilotamkika na mtu aliyekulia Unguja. Lilikuwa dubwana katika kipindi cha televisheni cha miaka ya sabini, kipindi cha meli inayotangatanga angani na mabaharia wake wasiojua njia ya kurudi kwao. Lilikuwa na magamba, mkia mzito na makucha matatu kila mkono, na halikutokea mara nyingi. Lakini lilifanya jambo moja ambalo mashabiki hawajalisahau mpaka leo. Linaingia katika chumba cha rubani, linamkuta rubani amelala sakafuni, amekufa, linamvuka liende dirishani. Halafu linasita. Linageuka, linainama, linamgusa maiti begani kwa ukucha, kisha linaupeleka mkono kifuani kwake taratibu, na ndipo linakwenda zake.

Basi, ni hilo tu. Lakini kwa ajili ya hilo watu wameandika kurasa na kurasa, wengine wamejichora mkono ule kwenye ngozi, na mashabiki wa kipindi wakikutana husalimiana hivyo: bega, kisha kifua. Mjukuu wangu na wenzake wa chuo hufanya hivyo mlangoni kwangu Kingsbury, hapa London, kabla hawajavua viatu. Mara ya kwanza nilipowaona nilimuuliza nani kamfundisha.

"It's from the show, Bibi," akanijibu. Mjukuu wangu Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kumsengenya mtu, maana alikipata jikoni kwangu bila mwalimu. Kujibu ndiyo hajibu. Unampa Kiswahili, anakurudishia Kiingereza, na maisha yanaendelea.

Nilimwambia hiyo si ya kipindi, hiyo ni yetu, na kwamba aliyekuwa ndani ya Dudu siku ile ni mimi. Alinitazama kidogo, akanikumbatia. "Aww, Bibi," akasema, kwa sauti ile ya kumwambia mzee anayedai kuwa alipokuwa kijana alicheza dansi na gavana. Lakini ile "aww" ilinikaa kooni miezi mingi. Kudharauliwa na mtu mwingine najua namna yake, nimeishi nchi hii nusu karne. Kuonewa huruma na mtoto niliyemuogesha mwenyewe ni jambo jingine.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Sisi ni Wahindi wa Unguja, watu wa cherehani. Baba yangu alishona Mji Mkongwe suti za makarani na mashati ya shule, na mimi nilijua kukata kitambaa kabla sijajua kusoma. Tulipohama Unguja tulikaa Dar es Salaam miaka michache, kisha tukaja London, mimi, mume wangu na mama yake, tukapanga vyumba viwili Hounslow kwa sababu mume wangu alipata kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Ndege zilipita juu ya paa mpaka vikombe vikacheza kabatini. Mavyaa wangu, yaani huyo mama wa mume wangu, ambaye nyumbani sote tulimwita Ba, mama kwa Kigujarati, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno. Kiingereza hakukitaka. Alisema amejifunza lugha tatu kwa shida na ya nne wataizungumza wajukuu.

Mimi nilianza kiwandani, kisha studio moja ya magharibi ya mji ikatafuta watu wanaoweza kushona vitu vigumu, mapazia mazito na mpira, nikaenda. Kweli nilianza na mapazia. Mavyaa wangu nilimwambia nashona mapazia, na neno hilo lilinitosha kwa muda wote niliofanya kazi pale.

Mkuu wa chumba cha mavazi alikuwa mwanamke wa Kiingereza aliyebana pini mdomoni tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo hakuwa msemaji, na tulipatana. Dudu tulilitengeneza mimi na yeye, kwa sponji na mpira na uzi uliopakwa nta. Mwanamume aliyepangiwa kulivaa alikuwa mtu wa kuanguka kwa kazi. Staa akitakiwa kurushwa dirishani, anarushwa yeye. Staa akiungua, anaungua yeye. Alikuwa mchangamfu, mfupi kidogo kwa Mwingereza, na mimi ni mrefu sana kwa mwanamke wa kwetu. Siku ya harusi yangu shangazi mmoja alisema bwana harusi ameoa mlingoti. Basi urefu wetu ulikuwa mmoja. Na kwa kuwa kila tulipomtaka kwa vipimo alikuwa anaanguka mahali pengine, mkuu wangu alinitia mimi ndani ya vazi, akapiga bandi, ile mishono ya muda, na kuchomeka pini juu ya mwili wangu. Majuma yale nilijifunza kutembea na mkia ule, kukata kona nao bila kuangusha viti, na kuvutia pumzi kwenye tundu la mdomo. Nilikuwa Dudu la chumba cha mavazi. Wenzangu walikuwa wakiniletea chai na mrija.

Siku ya kupiga picha ya chumba cha rubani, yule bwana aliteguka kifundo cha mguu asubuhi akifanya kazi yake nyingine ya kuanguka ngazini, akapelekwa hospitali. Jukwaa lilikuwa letu siku ile tu. Mkurugenzi alikuja chumba cha mavazi na sigara yake akauliza nani mwingine anaenea humo ndani. Mkuu wangu alitoa pini mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaninyooshea kidole.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilivua sari nikabaki na suruali ya pamba ya kuzuia baridi na sweta ya mume wangu, nikaingia, wakanifunga zipu. Niliambiwa: ingia mlangoni, mvuke maiti, nenda dirishani, tazama nyota. Kazi ya mtoto mdogo. Lakini chini ya taa zile, ndani ya mpira, huoni miguu yako. Nilipomvuka yule kijana aliyelala sakafuni, mguu wangu ulimpiga mbavuni, nikahisi kabisa zile mbavu.

Kwetu mguu haumgusi mtu. Mguu unakanyaga njia, unakanyaga matope, unakanyaga choo, kwa hiyo ukimgusa mtu nao, hata kwa bahati mbaya, hata akiwa mtoto au adui yako, unainama hapo hapo unamgusa kwa mkono, kisha unaupeleka mkono kifuani. Ndiyo radhi yenyewe, haina maneno. Ukikanyaga kitabu ni vivyo hivyo. Tunafundishwa kabla hatujaota meno yote, na ikishaingia mwilini haitoki tena. Sikukumbuka kamera, wala kwamba mimi ni dubwana na yule ni mfu. Niligeuka, nikamgusa bega kwa ukucha wa mpira niliouchonga mwenyewe, nikauweka mkono kifuani, nikaenda kutazama nyota.

Mkurugenzi aliuliza nilikuwa nafanya nini, na mimi kwa Kiingereza changu cha siku zile, ndani ya kichwa cha sponji, nikasema sori. Alivuta sigara yake akafikiri. Kisha akasema iachwe.

Ilipotoka kwenye televisheni tuliitazama Hounslow, sisi watatu, kochi moja. Mume wangu ndiye pekee aliyejua, na alikaa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Dudu likaingia, likampiga rubani mguu, likainama, likamgusa, mkono kifuani. Mavyaa wangu aliacha kumenya njugu.

"Hilo limelelewa vizuri," akasema. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hilo lina mama mahali."

Chai ilimtoka mume wangu puani. Alitaka nimwambie mama yake pale pale. Nilimkonyeza anyamaze, maana nilijua mkwe aliyevua sari na kumpiga teke mwanamume asiyemjua mbele ya taifa zima hatasifiwa malezi. Nililiweka jambo hilo kwa siku nzuri. Siku nzuri hazikukosekana, ila kila moja ilikuwa na shughuli zake, na mavyaa wangu akafariki akiamini kwamba Waingereza, pamoja na yote, wana madudu yenye adabu.

Mwisho wa kipindi lilitoka jina la yule bwana. Sikujali. Nilikuwa na mimba ya kwanza, na muda si mrefu tulihamia Kingsbury nikafungua duka la kushona blauzi za sari, na maisha yakawa ya kweli. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, na mimi sikuwapo. Ilinibidi ningoje "aww" ya mjukuu ndipo nikajua kwamba najali sana.

Hoteli ilikuwa na ukumbi mkubwa kama soko, na kando kando meza, na nyuma ya kila meza mzee mmoja na picha zake za ujana. Sitaficha, nilikwenda na kinyongo, lakini wale wazee walinipendeza kuliko nilivyotarajia. Hawakuwa mastaa. Walikuwa watu wa pembeni. Mmoja alikuwa nesi wa meli, na kazi yake yote ilikuwa kusema "Ndiyo, Kapteni". Watu walisimama foleni wamsikie akisema, naye aliwasemea kila mmoja kama mara ya kwanza. Mwingine alikuwa amekufa katika vipindi visivyohesabika. Alinieleza kwamba kufa kwa risasi ni rahisi, kufa kwa sumu ndiko kunakochosha, kwa sababu wanakutaka uendelee.

Nilikaa zaidi kwa bibi mmoja wa rika langu aliyeanguka kutoka mapaa mengi ya London badala ya wanawake wenye nywele nzuri zaidi. Sasa alitembelea kigari cha kujishikilia. Nilikuwa nimechukua kachori, maana hakuna mtu wa kwetu anayetoka kwenda kwenye wageni mkono mtupu, nikamfungulia kopo. Tulikula nyuma ya picha zake. Nilimuuliza siri ya kuanguka, akaniambia ni kuamua kabla hujaanguka. Mjukuu wangu alikuwa akinivuta mkono kwa haya, lakini yule bibi alichukua kachori ya pili.

Kisha nikaliona Dudu. Lilikuwa linakuja kwangu kati ya watu, magamba, mkia, makucha matatu, na moyo ulinipiga. Ndani yake mlikuwa na baba mmoja mnene mwenye ndevu, karani wa benki alivyoniambia, na vazi lilikuwa limempasukia mgongoni kote. Alikuwa akitembea na mkono nyuma kama mtu aliyepatwa na tumbo. Mimi siwezi kuona mshono ulioachia nikapita. Nilimsimamisha ukutani, nikatoa sindano na uzi katika mkoba, nikamshona pale pale amesimama, nikimgombeza kwamba hakuacha nafasi ya kupumua. Alinyenyekea kama mtoto anayekatwa nywele. Nilipokata uzi aligeuka, akanigusa begani kwa ukucha wake, akaupeleka mkono kifuani.

Sikujua nicheke au nilie. Mwingereza mwenye ndevu ananiomba radhi kwa desturi ya mama yangu, na mguu wake haujanigusa. Nilimtazama mjukuu wangu nione kama ameona. Alikuwa akipiga picha.

Mchana yule mzee wa Dudu alipanda jukwaani. Alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe, goti moja bovu, akitembea na mkongojo. Alichekesha watu kwa habari za moto na madirisha. Halafu mtu akauliza swali ambalo, mjukuu wangu alininong'oneza, huulizwa kila mwaka: ule mkono kifuani ulitoka wapi? Mzee akashusha sauti, akasimulia kwamba usiku wa kuamkia siku ile alikesha akiwaza mila za jamii ya Dudu, akaona kwamba lazima ni watu wanaomheshimu adui aliyekufa vitani, basi akabuni ile ishara. Watu wakapiga makofi. Wengine walifuta macho.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kuchukua jina ni jambo moja, ndivyo dunia ilivyo. Lakini kuichukua desturi ya mama yangu, ya mavyaa wangu, ya kila mwanamke aliyewahi kunifinya sikio kwa kuruka miguu ya mtu, akaifanya mila ya sayari isiyokuwapo! Nilisimama. Mjukuu wangu akanishika gauni.

"Bibi, please. No drama."

Nilimwambia drama itakuwa mezani kwake, si hapa, na tukaenda kupanga foleni ya saini. Njiani nilitunga maneno. Yalikuwa maneno mazuri sana, ya Kiingereza safi, ya mtu aliyeendesha duka na kubishana na wenye nyumba na watu wa halmashauri. Mjukuu wangu alikuwa amenywea kando yangu, na nilijua anaogopa nini. Aliogopa watu watanicheka, na yeye atalazimika kunitetea kwa jambo asiloliamini. Hilo liliniuma kuliko uongo wa mzee.

Foleni ilisogea. Watu walitubana kati ya meza na ukuta. Mzee alikuwa ameunyoosha mguu wake mbovu nje ya meza, na mimi nilikuwa nimemkazia macho usoni, si miguuni, nikifungua mdomo kuanza hotuba yangu. Kiatu changu kikampiga pale pale kwenye muundi, chini ya goti.

Yaliyofuata sikuyafanya mimi, mwili uliyafanya. Niliinama, nikamgusa goti kwa mkono, nikaupeleka mkono kifuani. Kisha nikasimama wima na hotuba yote ilikuwa imenitoka kichwani.

Mzee aliacha kalamu hewani. Watu wa nyuma yangu walitabasamu. Walidhani ni shabiki kama wao. Lakini yeye hakutabasamu. Aliutazama mguu wangu, akautazama wake, akanitazama urefu wangu toka chini hadi juu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Ni wewe," akasema taratibu. "Msichana wa mapazia."

Niliitikia kwa kichwa.

Akaniomba nikae kiti cha jirani yake, na foleni ikasubiri. Aliniambia kwamba miaka ya mwanzo alikuwa akikataa. Aliwaambia watu siku ile alikuwa hospitali na mguu umefungwa bendeji, hakuwa yeye, na hawakumwamini. Walisema ni mnyenyekevu, wakazidi kumpenda. Alimtafuta mkurugenzi, amekufa. Mkuu wa mavazi naye amekufa. Alijua tu kwamba alikuwa msichana mmoja wa Kihindi, mrefu, aliyeshona mapazia, na hakuna aliyelijua jina langu. Mwisho alichoka kukataa, akatunga hadithi, na hadithi ikapendwa kuliko ukweli aliokuwa hana. Aliyasema haya bila kujitetea sana, uso umemwiva.

Nilikuwa nimekuja na hasira ya nusu karne na sasa nilikosa pa kuiweka. Kisha akaniinamia karibu kama mtu anayeuliza siri ya nyumba.

"Niambie," akasema. "Kwa nini ulifanya vile? Nimelitafuta jibu maisha yangu yote."

"Nilimpiga yule kijana mguu," nikamwambia. "Nilikuwa naomba radhi."

Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka yule bibi wa mapaa akaja na kigari chake kuuliza kuna nini, na mimi nikacheka naye. Nilipogeuka, mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na viganja vyote viwili mdomoni. Hakusema "aww".

Jioni, kabla ya watu kuagana, wageni wote waliitwa jukwaani. Yule mzee alichukua kipaza sauti akasema ana jambo la kusahihisha, na akalisahihisha lote, na hospitali, na hadithi ya kubuni, na aibu yake, halafu akanyoosha mkongojo wake kunielekea. Nilipanda ngazi zile nikishikwa mkono na mjukuu wangu. Kiingereza changu ni kizuri tu, nimeshasema. Lakini niliposhika kipaza sauti na kuuona ukumbi ule, uso wa kijani na uso wa kijivu na pembe na mabomba, wote wakinitazama mimi, kilichotoka kinywani ni Kiswahili. Kigujarati ni cha sala na Kiingereza ni cha duka. Jambo lililo moyoni kwangu hutoka kwa lugha ya Unguja.

Mjukuu wangu akasogea, akaanza kufasiri. Mwanzo alisema "she says", kwa sauti ndogo. Nikaeleza habari ya mguu na njia na matope, habari ya mkono na kifua, kwamba hata kitabu tunakiomba radhi, na habari ya mavyaa wangu aliyesema mbele ya televisheni kwamba Dudu lile lina mama mahali. "My grandmother says," akaendelea, na sauti ikakua. Mwanamke mmoja akauliza kutoka katikati: je, Dudu halikuwa linaomboleza?

"Halikuomboleza," nikasema. "Lilikuwa na adabu tu. Lilikanyaga mtu, likamwomba radhi."

Alipolifasiri hilo alilifasiri kwa nguvu, kifua mbele, "my bibi says", na ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kisha makofi, na nikaogopa kidogo kwamba ndiyo basi, wamechoka, nimewaharibia mila yao ya angani na kuwapa adabu za jikoni. Ndipo yule karani wa benki akasimama kwenye safu za nyuma, na mshono wangu ukiwa imara mgongoni. Alimgusa jirani yake begani, akauweka ukucha kifuani. Jirani akamgusa wa pili. Ikaenda safu kwa safu mpaka mbele, mamia ya watu, na sasa walikuwa wanajua wanachokifanya. Yule bibi wa mapaa aliniambia baadaye kwamba mimi nililia. Nililia, na nisilie kwa nini? Nilikuwa nimeshinda.

Mjukuu wangu aliniegemea bega njia nzima ndani ya treni, na mfuko wa picha za saini mapajani. Tulipofika nyumbani alivua viatu, na badala ya kupanda chumbani kwake aliingia sebuleni. Pale ukutani ipo picha ya mavyaa wangu yenye shada la maua ya plastiki, amenuna kidogo kama alivyonuna mbele ya kila kamera. Mjukuu wangu hakuwahi kumwona. Nilikuwa navua koti barazani nikamsikia akikohoa kama mtu anayetaka kuhutubia, na kisha nikasikia sauti yake kwa Kiswahili, lugha ambayo hajawahi kunijibu nayo tangu aanze shule, kwa sababu alijua kwamba yule bibi mwingine Kiingereza hakukitaka.

"Ba," akasema, "ile dudu ya tivii, yenye adabu. Ile ulisema ina mama." Akavuta pumzi, akatafuta neno, akalipata. "Ni Bibi. Na mama yake, ni wewe."

Nilibaki na koti mkononi. Kiswahili chake kilichechemea kila hatua, na mimi, niliyesahihisha kila mshono niliouona tangu nizaliwe, sikusahihisha hata neno moja.